Jini Asiye na Masharti: Kinachoziangusha Tamthilia Ndogo za Mapenzi za Kikorea

Hotuba hii niliitoa jijini Dar es Salaam mbele ya waandishi chipukizi wa tamthilia na watazamaji wenzangu. Walioshindwa kufika wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wenzangu, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, nyoosheni mikono: nani hapa hajawahi kukesha kwa ajili ya Mkorea? Naona mikono mitatu. Na mmoja wenu namfahamu, anadanganya.

Basi tunajuana. Leo sitazungumzia tamthilia zote za Korea, maana tungelala hapa. Nitazungumzia kabila moja tu: zile ndogo, za bei nafuu, za mapenzi kati ya binadamu na kiumbe asiye binadamu. Mnazijua. Msichana ana madeni na anaona mizuka. Kijana ana koti refu jeusi, uso wa miaka ishirini na sita na umri wa miaka mia tisa. Wanakutana mvua ikinyesha. Kuna mkahawa, kuna korido ya hospitali, kuna chumba cha kupanga juu ya paa. Kuna adui ambaye ni moshi mweusi. Ukifika sehemu ya tano hujui tena adui anataka nini, na ukifika ya tisa hata yeye mwenyewe hajui.

Ukimuuliza mtazamaji kwa nini imemchosha, jibu liko mdomoni: hawakuwa na hela. Moshi wenyewe unaonekana wa kompyuta ya mtaani. Mikia ya mbweha inaelea upande mmoja, mbweha mwenyewe upande mwingine.

Nimekuja kubishana na jibu hilo. Bajeti ndogo ni hali, kama mvua au jua. Udhaifu ninaouona mimi unakaa kwenye skripti, kabla kamera haijawashwa, kabla mtu yeyote hajalipwa hata senti. Na nitawaonyesha kwa kuanza na tamthilia iliyokuwa na kila kitu.

Desemba 2017 kituo cha tvN cha Korea kilianza kurusha tamthilia iitwayo Hwayugi. Hadithi ya kale ya Kichina ya Mfalme wa Nyani iliyohamishiwa Seoul ya leo, na mapenzi ndani yake. Waandishi ni ndugu wawili wa kike, Hong Jung-eun na Hong Mi-ran, majina makubwa kabisa katika aina hii. Mwigizaji mkuu ni Lee Seung-gi, aliyekuwa ametoka jeshini Oktoba mwaka huo huo. Kituo kikubwa, waandishi wakubwa, nyota mkubwa. Umasikini uko wapi hapo?

Sehemu ya pili ilirushwa usiku wa tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Watu wamekaa sebuleni. Mashetani wakatokea, na waya walizoning'inizwa nazo zikatokea pamoja nao. Skrini ambazo zilitakiwa kufutwa na kujazwa mandhari zilionekana vilevile. Kazi ya kompyuta haikuwa imemalizika. Matangazo yakakatizwa, vikarushwa vipande vya kutangaza vipindi vingine, tamthilia ikarudi, ikakatika tena, na mwishowe ikasimamishwa kabisa kabla ya kufika mwisho. Kituo kikaomba radhi.

Mlicheka? Nilicheka na mimi. Sasa sikilizeni upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 23, katika seti ya tamthilia hiyohiyo, fundi mmoja alikuwa juu akifunga taa kubwa ya kuning'inia. Alianguka kutoka darini, zaidi ya mita tatu. Alivunjika mgongo, akapooza sehemu ya chini ya mwili. Tamthilia ilisimamishwa, ikarudi Januari 2018.

Kwa nini nimeanza na kisa hiki kizito? Kwa sababu kinatuonyesha kilichopungua. Fedha zilikuwepo. Muda haukuwepo. Kwa miaka mingi Korea ilitengeneza tamthilia kwa mtindo wa kurekodi huku inarushwa: sehemu mbili kila wiki, kila moja zaidi ya saa nzima, na skripti inamfikia mwigizaji kurasa chache chache, wino haujakauka. Mwaka 2018 sheria ya nchi ilishusha kiwango cha juu cha saa za kazi kutoka 68 hadi 52 kwa wiki, na mwaka uliofuata vituo vikubwa vya utangazaji navyo vikaingizwa humo. Hali imebadilika, na siku hizi tamthilia nyingi hukamilishwa kabla ya kurushwa. Lakini jiulizeni: ikiwa tajiri aliumbuka hivyo alipotegemea maajabu ya kompyuta, mwenye fedha za kuungaunga anapata wapi ujasiri wa kutegemea maajabu hayohayo?

Hapo ndipo kosa la kwanza. Tamthilia ndogo inapeleka hela yake kidogo mahali ambapo haiwezi kushinda.

Sasa ngojeni nirudi nyuma, kwa sababu kuna nyakati Wakorea walikuwa na hela kidogo zaidi ya hiyo na walitisha nchi nzima. Mwaka 1977 kituo cha KBS kilianzisha mfululizo wa ngano za kale, Jeonseol-ui Gohyang. Wazee wa Korea wakilitaja jina hilo wanashika mabega. Ulikuwa na nini? Mwanamke, vazi jeupe, nywele ndefu zilizofumuka, giza, rangi nyekundu mdomoni. Basi. Hakuna kompyuta.

Hadithi yake mashuhuri kabisa ni ya gumiho, mbweha mwenye mikia tisa anayejigeuza mwanamke. Mwanamume amemwona mbweha huyo porini, na mbweha amemsamehe uhai wake, kwa sharti moja: usimwambie mtu yeyote ulichokiona. Miaka inapita. Yule mwanamume ana mke mzuri, ana watoto, ana furaha. Usiku mmoja, umebaki muda mfupi mno kutimia miaka kumi, wako chumbani wanazungumza, naye anasema: mke wangu, nikupe kisa cha ajabu kilichonipata zamani. Anakitoa. Mke anainua uso. Ni yeye. Angevumilia kidogo tu, mke angekuwa binadamu milele.

Ukumbi umenyamaza. Mnaona? Nimewasimulia kwa mdomo tu, katika ukumbi wenye feni inayopiga kelele, bila mkia hata mmoja, na mmenyamaza. Hilo limegharimu shilingi ngapi?

Ninyi mmekulia huku. Mganga akikupa dawa anakupa na masharti: usile kitu fulani, usivuke mto, usigeuke nyuma. Dawa isiyo na masharti nani anaiamini? Hadithi ya kiumbe wa ajabu iko hivyohivyo. Uwezo wake haututishi wala hautuvuti. Kinachotushika ni sharti lake. Analipa nini ili awe alivyo? Akipenda, nani ataumia? Akivunja ahadi, nini kitatokea, na je, tunaamini kitatokea kweli?

Nawarudisha kwa walewale ndugu wa Hwayugi. Mwaka 2010, kupitia kituo cha SBS, waliandika My Girlfriend Is a Gumiho. Mwigizaji wa kiume ni yuleyule Lee Seung-gi, kijana zaidi, na mbweha ni Shin Min-a. Mbweha amefungwa ndani ya picha hekaluni miaka mia tano. Kijana anamchorea mikia bila kujua anachofanya, na mbweha anatoka. Kijana anaanguka, yuko mahututi, mbweha anampa shanga yake ya uhai ili apone. Ndipo linakuja sharti: kijana akae na shanga ile siku mia moja, na mbweha ataanza kufa kidogo kidogo, mkia mmoja baada ya mwingine, hadi awe binadamu. Kila mkia unapoondoka anapata maumivu ya kufa. Baadaye tunagundua kwamba siku mia zikitimia, mmoja kati yao lazima afe.

Mikia yenyewe tunaiona mara chache, usiku wa mwezi, na kusema kweli leo hii ukiitazama inachekesha. Nani anajali? Tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho mtazamaji anahesabu. Sharti moja limebeba sehemu 16. Watu walewale, miaka saba baadaye, wana hela na maajabu ya kila aina, na kinachokumbukwa zaidi ni waya.

Sasa chukueni tamthilia ndogo yoyote mliyoiacha njiani. Jini wake anaweza kusimamisha muda. Mbona hakusimamisha muda gari lilipomgonga msichana? Hatuambiwi. Anaweza kusoma mawazo, lakini sehemu ya saba anahitaji kudanganywa, kwa hiyo sehemu ya saba hasomi mawazo. Anaponya jeraha kwa kugusa, ila jeraha la mwisho haliponi kwa sababu tumefika mwisho. Huyo ni jini asiye na masharti. Uwezo wake unakuja na kuondoka kwa faida ya mwandishi.

Kuna ujanja mmoja ambao waandishi wa bajeti ndogo wanaupenda, nao ni kumnyang'anya kiumbe uwezo wake. Mungu anashuka duniani, nguvu zinapotea, tunabaki na kijana mrembo mwenye kiburi asiye na nauli. Kwa prodyuza ni raha tupu, hela ya grafiki imebaki mfukoni. The Bride of Habaek ya mwaka 2017, ya tvN tena, ilipita njia hii. Riwaya ya picha ya Yoon Mi-kyung ilikuwa na milki ya maji na miungu yake. Tamthilia ikaihamishia Seoul, ikamfanya mungu wa maji afike bila nguvu, akikutana na daktari wa magonjwa ya akili aliyezama kwenye madeni. Wazo si baya! Mungu asiye na kitu mbele ya mwanamke asiye na kitu, hapo kuna hadithi. Ila nilipoitazama nilingoja kuona kupoteza nguvu kunamuuma wapi, na muda mwingi niliona kunamuudhi tu. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeumia na mtu anayeudhika. Anayeudhika tunamcheka mara mbili, ya tatu tunaenda kuchota maji.

Linganisheni na Oh My Ghost ya mwaka 2015. Mzuka wa msichana mchangamfu, mwenye maneno mengi na tamaa ya mapenzi, anaingia mwilini mwa msaidizi wa jikoni ambaye ni mwoga hata wa kivuli chake. Maajabu yote hayo yanafanyika wapi? Usoni mwa mwigizaji Park Bo-young. Mabega yakiinuka, ni mzuka. Yakishuka, ni mwenye mwili. Mwongozaji hakuhitaji moshi. Alihitaji mwigizaji na jiko. Na sharti lipo pale pale: mpishi mkuu anampenda yupi kati yao? Msichana mwenye mwili anajua kwamba aliyependwa huenda si yeye. Hilo swali linauma kuliko jini lolote.

Nije kwenye mapenzi, kwa sababu hapa ndipo tamthilia hizi zinapoiba mchana kweupe.

Nikuulizeni, hawa wawili wanapendana kwa nini? Mkinijibu "walipendana katika maisha yaliyopita", nawarudishia swali: na katika maisha hayo walipendana kwa nini? Kimya. Tunaonyeshwa kumbukumbu: maua yanapukutika, mavazi ya zama za Joseon, ule ufalme wa kale wa Korea, anageuka taratibu, muziki. Kumbukumbu hiyo inarudi sehemu ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, kila safari imeongezwa sekunde chache. Kwa miaka mingi tamthilia ya kawaida ya Korea imekuwa ya sehemu 16 za zaidi ya saa moja. Skripti ya saa tisa ikitakiwa kujaza saa kumi na sita, kumbukumbu ndiyo inayojaza. Imesharekodiwa, haidai hela mpya.

Kuandikiwa na majaliwa ni njia ya bei nafuu ya kukwepa kazi ya kuonyesha watu wawili wakizoeana. Nani amemchekesha nani? Nani alibaki kuosha vyombo? Nani alisema neno akajuta? Mambo hayo hayana gharama. Meza moja, viti viwili, skripti nzuri. Mwandishi aliyechoka anaruka yote hayo na kutuambia nyota ziliamua.

Mtaniambia, mbona Goblin ya 2016 nayo ina majaliwa? Ndiyo, tena yamejaa. Lakini tazameni mwandishi wake, Kim Eun-sook, alivyoyageuza. Goblin, kiumbe wa ngano asiyekufa, ana upanga kifuani. Bibi harusi aliyeandikiwa ndiye pekee anayeweza kuuchomoa, na akiuchomoa, goblin anafutika. Amengoja zaidi ya miaka mia tisa ampate mtu wa kumpa kifo, na alipompata hataki tena kufa. Majaliwa yamewakutanisha na majaliwa hayohayo ndiyo kisu. Mkiondoa mandhari za Quebec, Kanada, mkiondoa makoti ya mwigizaji mkuu Gong Yoo, mkiondoa magari, upanga ule unabaki. Ungeweza kurekodiwa kwa simu.

La matangazo nitalipitia haraka. Korea iliruhusu bidhaa za wadhamini kuonyeshwa ndani ya tamthilia mwaka 2010, kwa mipaka: zisizidi asilimia 5 ya muda wa kipindi wala robo ya skrini. Tena hadi mwaka 2021 vituo vya KBS, MBC na SBS havikuruhusiwa kukatiza kipindi katikati kwa matangazo ya biashara kama vituo vya kebo. Kwa hiyo ile sandwichi ya Subway inayoliwa kwa mapozi, ule mkahawa ambao jini na malaika wa mauti hukutania bila sababu, ndiyo bili ya umeme inalipwa hapo. Silaumu. Ila mkumbuke kwamba mhusika wa zama za Joseon hawezi kunywa kahawa ya mdhamini akiwa kwao, na mimi nashuku majini wengi wamehamia Seoul ya leo kwa sababu hiyo kuliko sababu ya mapenzi.

Na kuna jambo la kwetu hapa nyumbani ambalo lazima nilitaje, hata kama litamkera mtu. Wengi wetu tumeziona tamthilia hizi zikiwa zimetafsiriwa na watafsiri wetu wa vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, wale wanaoingiza sauti juu ya sauti. Mtafsiri ni msimuliaji. Akiona pengo analiziba. Jini akikaa kimya bila maana, mtafsiri anampa maneno. Msichana akilia bila sababu, mtafsiri anakwambia amemkumbuka mama yake. Adui wa moshi anapewa ukoo, kisasi na utani wa Kinondoni. Kwa hiyo wapo kati yenu wanaoipenda tamthilia fulani kwa dhati, na tamthilia wanayoipenda iliandikwa Dar es Salaam. Itazameni tena bila mtafsiri, kwa maandishi ya chini. Mtakutana na mgeni kabisa. Nasema hivi kwa heshima: kijana anayeziba matundu ya watu wengine kila siku ana kipaji ambacho baadhi yenu mnaoandika skripti mngekitafuta.

Mfano wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Desemba 2015 MBC ilitoa kazi ndogo sana kupitia intaneti, kisha ikairusha kwenye televisheni kwa sehemu mbili tu. Splash Splash Love. Mwigizaji Kim Seul-gi ni mwanafunzi anayeichukia hisabati. Siku ya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu anaukimbia mtihani, anaingia kwenye dimbwi la maji ya mvua uwanjani, na anaibukia zama za Joseon mbele ya mfalme kijana. Huyo mfalme ni Sejong, na nchi ina ukame. Hapo mwandishi amesimama juu ya ardhi ngumu, kwa sababu Sejong wa historia alihangaika kweli na mvua, na katika utawala wake, mwaka 1441, kilitengenezwa chombo cha kupimia mvua. Binti aliyekimbia hisabati anageuka kuwa anayemfundisha mfalme hesabu.

Maajabu ya kazi nzima ni dimbwi. Dimbwi! Na sharti lake? Binti anahitaji mvua ili apate maji ya kumrudisha kwao. Mfalme anahitaji mvua ili watu wake wasife njaa. Wote wawili wanaomba kitu kimoja, na kitu hicho kikija kitawatenganisha. Mfalme mwema atakuwa anaomba nini usiku, peke yake? Mwandishi hakulazimika kutuambia. Tulikaa pale tukiliangalia anga pamoja naye, na anga ni bure.

Nimalizie na miisho, kwa sababu ndiyo inayonitia hasira. Mnaijua ile skrini nyeusi yenye maandishi "mwaka mmoja baadaye". Jini amekufa. Ametoweka mikononi mwa mpenzi wake, chembechembe za dhahabu zimepeperuka, tumelia, leso zimelowa. Mwaka mmoja baadaye mlango wa mkahawa unafunguliwa, huyo hapo, amenyoa vizuri. Amerudije? Kwa ruhusa ya nani? Nani amelipa? Hakuna anayeuliza, hata mpenzi wake. Mimi ningeuliza! Mtu aliyekufa mbele yako amerudi na koti jipya, wewe unatabasamu tu na muziki unapanda? Dakika ile wanafuta kila kilio walichotuomba. Kama kurudi ni rahisi hivyo, wangetuambia mapema tukalale.

Kwa hiyo mnaoandika, na najua mko wengi hapa na mna hadithi za majini wa Pwani kwenye madaftari yenu: kabla hamjamtafuta mtu wa grafiki, niandikieni ukurasa mmoja. Jini wako hawezi nini? Akipenda anapoteza nini? Nani mwingine atalipa? Na akiondoka, anarudi kwa bei gani? Ukurasa ukiwa mtupu, hela ya grafiki kanunulieni chakula cha mafundi wenu, na muwape muda wa kulala.

Naona nimeonyeshwa saa. Tuingie kwenye maswali, na naomba tuanze na dada aliyekaa karibu na dirisha, maana amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipomgusa Habaek wake.